Kamera, Mpagazi na Njia ya Kati: Historia ya Uteuzi wa Vifaa katika Filamu za Gharama Nafuu, kwa Kurejelea Tabora

Utangulizi

Historia ya filamu nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata waongozaji, waigizaji, taasisi na udhibiti wa dola. Kamera yenyewe hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huwekwa katika orodha ya changamoto, jirani na uhaba wa mitaji na wizi wa kazi za sanaa. Makala hii inaanzia kwenye kamera. Swali lake linaonekana kuwa la kiufundi tu: mtayarishaji mwenye bajeti finyu, anayekusudia kutengeneza filamu ndefu ya kubuni kuhusu misafara ya karne ya 19 katika njia iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji, achague kamera gani ya kidijitali? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali hilo ni la kihistoria kabla ya kuwa la kiufundi. Kila kamera iliyochaguliwa hapa nchini kwa kigezo cha unafuu ilikuja na uamuzi mwingine ambao haukuandikwa kwenye ankara: nani aonekane, nani asikike, na nani abaki kuwa mandhari.

Tabora imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa kitovu cha Njia ya Kati. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, kama mahali hapo palivyoitwa wakati huo, mwezi Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu waondoke pwani. Misafara ilipumzika hapo, ikagawanyika, ikabadilisha wapagazi na kupanga upya mizigo. Pili, ni mahali ambapo mabaki ya historia hiyo bado yanaweza kupigwa picha: tembe la Kwihara, ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872 na ambamo Livingstone alibaki hadi Agosti mwaka huo, miembe mikongwe, na pori la miombo ambalo, ukiondoka barabarani, halijabadilika sana kwa jicho la lenzi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya awali ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Aliyeonekana na aliyebebeshwa mzigo

Njia hii si ngeni katika filamu. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa Stanley and Livingstone, ambamo Spencer Tracy aliigiza kama Stanley. Mwaka 1990 Bob Rafelson alitoa Mountains of the Moon kuhusu Burton na Speke, ambayo sehemu zake za Afrika zilipigwa Kenya. Katika filamu zote mbili mtazamaji anajua mzungu anawaza nini na anaogopa nini. Wapagazi wanapita. Wanabeba, wanakimbia, wanakufa, na wakati mwingine wanaimba, lakini hawana shauri.

Utafiti wa kihistoria umekwenda mbali zaidi ya filamu. Kazi ya Stephen Rockel ya mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Tanzania inaonyesha kwamba Wanyamwezi walioshika kazi hii walikuwa wafanyakazi wenye desturi zao za kazi, heshima yao, namna yao ya kugoma na mipaka yao ya uzito. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kirangozi alitangulia na bendera. Nyuma yake mstari ulinyooka kwa umbali mrefu, kila mtu akifuata nyayo za mwenzake. Vyanzo vya Kiswahili navyo vipo. Kuna maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, na kuna safari ya Selemani bin Mwenye Chande katika masimulizi aliyoyakusanya Carl Velten na kuyachapisha mwaka 1901. Mwandishi wa mswada wa filamu hana haja ya kuanza na shajara ya Stanley.

Kwa hiyo, kinachodaiwa na somo ni picha ya watu wengi kwa pamoja: mstari mchana, duara la moto usiku. Hapo ndipo kamera inapoingia katika mjadala.

Unafuu na historia yake

Mjadala wa kuchagua kifaa cha bei nafuu haukuanza na teknolojia ya kidijitali. Katika Tanganyika ulianza, kwa ushahidi ulio wazi, na Bantu Educational Kinema Experiment ya mwaka 1935 hadi 1937. Mradi huo uligharimiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation, makao yake yakawa Vugiri katika milima ya Usambara. L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, aliona kwamba mkanda wa milimita 35 uliotumiwa na majumba ya sinema ungemaliza fedha zote, akachagua mkanda wa milimita 16. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri na kuchezwa sambamba na picha. Kwa utaratibu huo mradi uliweza kutoa filamu zipatazo 35 ndani ya muda mfupi na kuzitembeza kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na ya Kati.

Ni mafanikio ambayo mtayarishaji yeyote wa leo angeyaonea wivu. Yalikuwa pia na gharama yake. Sahani ya santuri haiendani barabara na midomo ya mwigizaji, kwa hiyo msimulizi anafaa kuliko mazungumzo. Msimulizi mmoja anaweza kubadilishwa lugha kutoka eneo moja hadi jingine, na hilo lilikuwa jambo jema; lakini mtu aliye kwenye picha anakuwa wa kusimuliwa. Sidai kwamba Notcutt alikusudia kuwanyamazisha waigizaji wake. Kitabu alichokiandika na G. C. Latham mwaka 1937 kinaonyesha mtu mwenye shauku ya kweli na kazi yake. Bajeti iliamua, na uamuzi huo ukaonekana kama wa kiufundi.

Baada yake lilikuja tatizo la pili. Colonial Film Unit, iliyoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939, ilifuata mawazo ya William Sellers, aliyeamini kwamba watazamaji wa Kiafrika wasiozoea sinema huchanganywa na vitu vingi katika fremu. Picha iwe ndefu, kamera itulie, na nyuma ya mhusika kuondolewe kila kisichohitajika. Nadharia hiyo imekosolewa vya kutosha na sihitaji kuirudia. Ninachotaka kukishika ni kanuni moja tu, ile ya kusafisha mandhari ili abaki mtu mmoja. Tutakutana nayo tena, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Miaka ya 1950 ilileta filamu za kubuni za Kiswahili, miongoni mwazo Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, mwanafunzi wa zamani wa shule ya serikali ya Tabora na baadaye Waziri Mkuu. Baada ya uhuru, Tanzania Film Company ilianzishwa mwaka 1968, na filamu kama Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill (1985) zilionyesha kwamba uwezo wa kisanaa ulikuwapo. Lakini mkanda wa selulosi ulikuwa bidhaa ya fedha za kigeni. Futi 400 za mkanda wa milimita 16 hutoa takriban dakika 11 za picha, na kila dakika ilihitaji kusafishwa maabara kabla mwongozaji hajajua amepata nini. Kwa hali ya uchumi ya miaka ile, kupiga mstari wa watu 100 wakitembea, mara tatu au nne, hadi ukae sawa, ilikuwa anasa.

Video ilivunja kizuizi hicho. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na wapigapicha wengi wa filamu za video zilizofuata walikuwa wamejifunzia kazi kwenye harusi. Kamera ya harusi ndiyo iliyokuwepo, ndiyo fundi aliyoijua, na ndiyo iliyotoa picha iliyotosha kwa soko la VHS, kisha VCD na DVD. Girlfriend ya George Tyson (2003) hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa wimbi lililokuja kuitwa Bongo Movie. Tangu hapo sebule ikawa jukwaa kuu. Wahakiki wamelieleza jambo hili kwa maudhui ya mapenzi, ushirikina na tabaka, na wako sahihi. Ila sebule pia ina umeme, ina kuta za kuzuia upepo usiingie kwenye maikrofoni, na haihitaji lori. Kamera ndogo ya mkanda wa MiniDV, yenye vihisi vya theluthi moja ya inchi, hupata shida katika giza. Msafara usiku porini haukuwa kazi yake.

Kihisi kikubwa na mtu mmoja

Mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 2008, Canon ilipotangaza EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyoweza pia kurekodi video ya mistari 1080. Bei yake Marekani ilikuwa dola 2,699 bila lenzi. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa mkanda, kilikuwa na upana wa milimita 36, na kiliona gizani kuliko kamera yoyote ya video ya bei ile. Kasoro zake zilikuwa nyingi. Kwanza ilirekodi fremu 30 kwa sekunde pekee. Katika nchi ya umeme wa mizunguko 50 kama yetu, taa za mirija zilipepesa kwenye picha, hadi marekebisho ya programu ya mwaka 2010 yalipoleta fremu 24 na 25. Ilisoma picha mstari kwa mstari, hivyo kamera ikigeuzwa haraka nguzo na miti huonekana imeinama. Na haikuweza kurekodi kwa mfululizo zaidi ya dakika 12 hivi, karibu sawa na ule mkanda wa futi 400!

Hata hivyo ilishinda soko, na sababu iliyotajwa na kila mmoja ilikuwa “muonekano wa sinema”. Ukiuliza muonekano huo ni nini, jibu mara nyingi ni mandhari yenye ukungu: uso uko wazi, kila kitu nyuma yake kimeyeyuka.

Hesabu za kawaida za lenzi zinasaidia kuona kilichotokea. Tuseme kamera inamtazama mpagazi aliye umbali wa mita 5, tundu la lenzi likiwa f/2.8, na upana wa fremu ukiwa uleule katika kamera zote. Kwa kihisi cha milimita 36 na lenzi ya milimita 50, eneo lililo wazi linaanzia karibu mita 4.3 na kuishia mita 6. Ni kina cha mita 1.7 tu, mpagazi wa pili katika mstari tayari ameanza kupotea. Kwa kihisi chenye upana wa milimita 19 hivi, kina hicho kinakuwa kama mita 3.7. Kwa kamera ya zamani ya theluthi ya inchi, kila kitu kuanzia mita 2.2 hadi upeo wa macho kiko wazi. Kamera ya harusi, kwa maneno mengine, ingeuona msafara mzima mchana kweupe, ingawa kwa picha dhaifu. Kamera iliyoiondoa sokoni inamwona mtu mmoja kwa uzuri mno.

Hapo kanuni ya Sellers inarudi, safari hii bila nadharia ya ubaguzi na kwa hiari ya msanii mwenyewe. Mandhari inasafishwa. Katika filamu ya mapenzi ya mjini hasara ni ndogo. Katika filamu ya msafara, wanaosafishwa ni wapagazi wenyewe, na tunarudi kwenye filamu ya mwaka 1939 kwa mlango wa nyuma.

Mtahini makini atapinga, na pingamizi lake lina nguvu. Kihisi kikubwa hakilazimishi ukungu. Mpigapicha anaweza kuziba tundu hadi f/8, na jua la Tabora la mwezi wa Julai linamruhusu. Kina kinafika zaidi ya mita 6. Hata usiku, kihisi kikubwa kwenye f/4 kikipandishwa usikivu mara nne hutoa kina na chembechembe karibu sawa na kihisi kidogo kwenye f/2. Fizikia haina upande. Nakubali. Lakini uteuzi wa kamera haufanywi na fizikia peke yake. Unafanywa pia na mazoea ya mpigapicha aliyefundishwa na soko kufungua tundu lote, na bei ya lenzi za kufunika kihisi kikubwa, na mtu atakayezibeba. Kifaa hubeba tabia ya waliokitumia kabla yako, na katika seti yenye siku chache mazoea hushinda maelekezo ya mwongozaji.

Kwihara mchana, kambi usiku

Vigezo viwili vya mahali vinatosha kuamua. Cha kwanza ni chumba cha tembe. Kuta ni nene, mwanga unaingia mlangoni kwa nguvu na kufa hatua chache ndani. Mtu mweusi akisimama kati ya mlango na giza, kamera ya masafa mafupi ya mwanga inampa mwongozaji chaguo baya: uso uonekane na ua wa nje uungue kuwa mweupe mtupu, au ua ubaki na uso uwe kivuli. Tatizo hili lina historia. Mikanda ya rangi ya karne ya 20 ilisawazishwa kwa kutumia kadi zenye wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikawa jambo la kurekebishwa baadaye. Kamera inayorekodi data ghafi au yenye biti 10 na zaidi inaacha nafasi ya kuuokoa uso katika uhariri. Ile ya biti 8 iliyobanwa sana haiachi.

Cha pili ni moto wa kambi. Maisha ya msafara yalikuwa hapo: posho iligawanywa, hongo ya kesho ikajadiliwa, wagonjwa wakahesabiwa, ngoma ikapigwa. Kupeleka taa kubwa na jenereta porini kunaua bajeti, na kelele yake inaua sauti. Kamera inapaswa kuona kwa mwanga wa moto ukisaidiwa na taa ndogo za betri. Kwenye f/2, umbali wa mita 5, kihisi cha milimita 36 kinatoa kina cha mita 1.2, na kile cha milimita 19 kinatoa mita 2.5. Mita 2.5 ni watu wanne waliokaa kuuzunguka moto, wote wakionekana wanavyosikilizana.

Kwa vigezo hivyo, chaguo linalofaa ni kamera ya kihisi cha kati yenye viwango viwili vya asili vya usikivu. Mfano wake ni Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, iliyotangazwa mwaka 2018 kwa dola 1,295, yenye viwango vya asili vya ISO 400 na 3200, inayorekodi data ghafi ndani yake na kupokea maikrofoni ya kitaalamu. Panasonic GH5S ya mwaka huohuo iko katika kundi hilo. Leo zote mbili hupatikana zikiwa zimetumika, na hilo kwa bajeti tunayoizungumzia ni sifa. Udhaifu wa Pocket unajulikana: hula betri haraka na haistahimili vumbi wala mvua. Upigaji ufanyike kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi, na betri zihesabiwe kwa siku nzima bila kutegemea umeme, kama posho ilivyohesabiwa kwa safari ya kuvuka nyika.

Ubora wa kurekodi nao upimwe kwa diski, si kwa matamanio. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya picha ni gigabaiti 45. Kwa megabiti 400 ni gigabaiti 180. Siku 20 za kupiga saa mbili kwa siku zinatoa terabaiti 1.8 katika hali ya kwanza na 7.2 katika ya pili, na kila kitu lazima kiwe na nakala mbili. Busara ni kutumia kiwango cha juu ndani ya tembe na kwenye moto, na cha chini katika matembezi ya mchana ambako mwanga unatosha. Nakala hizo ni pia suala la kumbukumbu ya taifa. Kazi nyingi za enzi ya video zilibaki kwa wasambazaji walionunua haki zote, na ambacho mtafiti anakipata leo ni DVD iliyochakaa dukani.

Kuhusu matengenezo, Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, na kamera ikifa siku ya tatu hakuna fundi wa karibu. Heri miili miwili ya kamera ya bei ya chini kuliko mmoja wa bei ya juu. Mwili wa pili utumike pia kupiga mstari kutoka pembeni wakati wa kwanza uko mbele ya kirangozi, kwa kuwa wapagazi wa kuigiza hawawezi kurudishwa mwanzo wa njia mara kumi wakiwa na mzigo kichwani chini ya jua hilo.

Tofauti ya fedha inayobaki, baada ya kuacha kihisi kikubwa na lenzi zake, iende kwenye kifungu ambacho bajeti zetu hukikata kwanza: malipo ya watu wa kutembea. Wanane wanaweza kupigwa kwa ujanja wakaonekana 20. Kwa kina cha picha kinachopendekezwa hapa ujanja huo hauendi mbali zaidi, maana kila uso unaonekana, na mtazamaji wa Tabora atamtambua jirani yake akipita mara ya pili. Watu 40 kwa siku tano, pamoja na chakula, maji na mtu wa huduma ya kwanza, ndicho kiwango cha chini ninachokiona kinafaa, na kiandikwe katika ukurasa uleule wa bajeti ulioandikwa kamera.